Daraja Lililojengwa Bila Mgambo

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako naikosa, lakini leo nina furaha, na wa kumwambia kwanza ni wewe tu.

Tangu tukuzike imepita masika moja. Mvua ilishuka kwa hasira, mto ukalibeba daraja letu zima, mbao na nguzo. Watoto wa upande wetu wakakaa wiki mbili bila shule. Kabichi zikaozea shambani. Watu wakaandika barua wilayani, wakasubiri. Nilikusikia kabisa ukiuliza, "Mnamsubiri nani, na mikono mnayo?"

Unakumbuka niliporudi kutoka chuo nikakueleza kwamba fikra zako zina jina, zinaitwa anarkia, na mwalimu wetu alisema maana yake ni fujo? Ulikuwa unaosha sufuria. Ukalitazama jiko lote. "Fujo iko wapi, mwanangu? Mimi nasema tu, mtu anayeelewana na jirani yake hahitaji wa kumtawala." Mama alicheka hadi akaketi chini. Mara mbili walikuomba uenyekiti wa kitongoji, mara mbili ukakataa, na bado kila mwenye ugomvi alikuja kwako.

Basi mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, akasema tutajenga wenyewe, na asiyetokea, mgambo watamfuata nyumbani. Baba, mimi ninayeogopa hata kusoma somo kanisani, nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, kwa heshima, usiwatume mgambo. Anayetaka aje. Asiyetaka tumwache, na daraja atalivuka kama sisi."

Watu wakaguna. Mzee Kaniki, yule mliyegombania naye mpaka wa shamba miaka yote, akapaza sauti: "Huyu kweli binti wa baba yake! Hatakuja mtu." Mwenyekiti akanipa siku tatu nijaribu bila mgambo.

Siku ya kwanza tulikuwa watano, Mama akiwemo. Nilibeba mawe huku nalia, nikidhani nimekuaibisha. Siku ya pili, kumi na wawili. Siku ya tatu asubuhi, ukungu haujaondoka bondeni, nikasikia watu wanateremka kilimani, wanaongea, wanacheka. Mbele yao Mzee Kaniki, gogo la mkaratusi begani, na umri wake ule! Akalitua miguuni pangu.

"Usinishukuru," akasema, anahema. "Sikutumwa na mtu."

Nilicheka, Baba. Kisha nikalia tena. Jirani zetu Waislamu walileta wali, sisi tukaleta ndizi na maharage, na hakuna aliyepanga. Hakuna aliyeandika majina ya waliokuja wala ya wasiokuja. Daraja liliposimama, watoto walivuka mbio na madaftari yao. Mama naye akavuka na kurudi mara tatu, wala hakuwa na shughuli yoyote ng'ambo.

Sasa watu wameanza kuzungumzia chemchemi, ile inayochafuliwa na ng'ombe. Hata mkutano haujaitishwa. Nakuahidi, Baba: nitakwenda, hata nikiwa peke yangu, na sitamwamuru mtu.

Lala kwa amani. Ningeandika zaidi, ila mvua imekatika, na mlangoni wapo watu na majembe, wananiita.

Binti yako,
Neema