Neno Nililolitaja Dukani kwa Remtulla

Jumatatu, 1 Septemba 1947

Mie Adelard. Umri miaka sabini na mbili, au na nne. Padri aliyenibatiza kule Bukoba aliandika kwa kukisia. Wajerumani wamekwenda zao, mie nipo. Vita ya kwanza nilibeba mizigo ya Waingereza mpaka Mahenge, wenzangu wakaisha kwa kuhara, mie nipo. Nzige, nipo. Vita ya pili, nipo. Wake wawili nimewazika, Mungu awarehemu. Na meno ninayo kumi na tisa! Nani hapa Kimbiji, wa umri wangu, ana kumi na tisa?

Lakini leo goti. Nimeanguka kisimani. Ni tope, si uzee. Mwajabu, mke wangu wa sasa, alinikuta nimekaa chini na ndoo imelala. Akasema, si nilikwambia ndoo niachie mie? Goti limevimba kama dafu. Naandika mguu umelazwa juu ya kinu.

Jumatano, 3 Septemba

Goti baya zaidi. Mwajabu amelikanda kwa majani ya mbono, maji moto, bure tu. Hija amekuja kutazama. Huyu ni kaka yake Mwajabu, mkwezi wa minazi, maneno mengi. Alisimama mlangoni. Miaka kumi na moja tangu tuhamie hapa kwenye nyumba ya marehemu mama yao, Hija hajakaa kwenye mkeka wangu hata mara moja. "Pole, Mtu wa Bara." Akaenda.

Ndilo jina langu hapa. Mwaka wa nzige nilisilimu ili nimuoe dada yake. Msikitini naitwa Adamu. Nafunga Ramadhani kuwashinda wao, wao wanameza mate kutwa, mie hata mate natema. Bado Mtu wa Bara.

Nimekumbuka dawa! Zamani mjini, nilipokuwa nafanya kazi hospitali, nilianguka na machela nikaumia mbavu. Fundi mmoja wa Kihindi akanipa kipande cheusi kama lami, ukikinusa kinanuka udi na lami pamoja. Unayeyusha ndani ya samli, unakunywa moto. Siku tisa nikabeba magunia. Inaitwa mumiani. Kesho naenda kwa Remtulla.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda na fimbo. Duka la Remtulla ni moja tu Kimbiji nzima, la bati, asubuhi hujaa wanawake wa mafuta ya taa na chumvi. Mie sisemi kwa kunong'ona, sauti yangu walikuwa wanaisikia ng'ambo ya mto kule Mahenge. Nikasema pale pale mlangoni:

"Bwana Remtulla, nataka mumiani! Ile nyeusi, ile nzuri!"

Mwanamke mmoja akaacha chupa yake ikaanguka. Wakatoka wote, hata chenji hawakungoja. Remtulla akawa mweupe kama unga wake. Akasema taratibu, mzee, neno hilo usilitaje dukani kwangu. Sina. Sijapata kuwa nayo. Toka kwa mlango wa nyuma.

Huko nyuma mkewe, Bilkis, alikuwa anapepeta mchele. Akanitazama kwa huruma. Akasema chini chini, baba yangu alikuwa akiitumia kwa mgongo wake, mzee, lakini hapa sio mjini. Nenda nyumbani.

Sielewi. Duka halina dawa, kwa nini kukasirika? Nimerudi nachechemea.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo wananiheshimu! Njiani kwenda msikitini watu walinipisha, wengine wakaingia kabisa kwenye majani. Watoto wakaitwa ndani ili nipite. Msikitini nimesali nimekaa kwa ajili ya goti. Kulia nafasi, kushoto nafasi. Imamu akasema, zibeni nafasi, simameni bega kwa bega. Akasema mara mbili. Hakuna aliyeziba. Wananionea huruma mguu, wamenipa pa kunyoosha. Nimemwambia Mwajabu. Hakucheka. Anacheka siku zote, leo hakucheka.

Jumapili, 7 Septemba

Sasa najua.

Mwajabu amerudi kisimani na ndoo tupu. Wanawake walimwachia kisima, wote, na kamba wakaondoka nayo. Akaitupa ndoo uani.

"Ulisema nini dukani, mwanamume wewe?"

"Dawa ya goti."

"Jina lake!"

Nikamwambia. Akakaa chini palepale kwenye mchanga. Akasema, huku mumiani si dawa. Mumiani ni mtu. Anakamata watu, anawaning'iniza kichwa chini, anakinga damu, damu inapelekwa kwa Wazungu. Mtoto wa miaka mitatu hapa anajua. Na wewe umekwenda kuiagiza kwa Mhindi kama unaagiza sukari!

Nikasema, upuuzi, mie nimeinywa.

"Usilirudie hilo! Kwa mtu yeyote!"

Kisha akanikumbusha la pili, na hilo ndilo limeniuma. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwahadithia kwenye kahawa habari za hospitali. Kazi yangu ilikuwa kubeba machela na kumwaga mabeseni. Mie sikusema kumwaga. Nilisema daktari hakuweza kupasua mtu bila mie. Nilisema najua mtu mzima ana damu beseni ngapi. Walikuwa wakicheka, wakiniongezea kahawa. Sasa wanahesabu. Wanaambiana, mwenyewe alisema! Kwa kinywa chake!

Jumanne, 9 Septemba

Mie si mtu wa kujificha. Nimekwenda kwenye kahawa. Mwajabu alinishika shati, likachanika, nikaenda hivyo hivyo.

Walikuwa sita, na Hija. Nikawasalimu. Mmoja tu akaitika, na yeye ni kiziwi. Nikasema, sikilizeni nyie, mumiani ni dawa ya mifupa, inatoka kwenye mawe huko Uajemi, haina damu hata tone, mie mwenyewe nimeinywa na samli na ndiyo maana nina nguvu hizi.

Hija akaweka kikombe chini.

"Umeinywa, shemeji?"

"Nimeinywa."

"Na ndiyo maana hufi."

Hakuna aliyecheka. Nikaona nimekosea, lakini ulimi ulikuwa umeshapanda mlima. Nikasema, kamuulizeni Remtulla! Tukaenda wote mpaka dukani. Remtulla alikuwa anapima maharage, hakuinua macho. Akasema, mie sijui dawa hiyo, sijapata kuisikia. Nikamwita nyuma ya magunia. Nikamwambia, mkeo anajua, sema neno moja tu. Akasema, mzee, mie nina duka hili moja la bati, basi. Wakianza na wewe, wa pili ni nani?

Bilkis alikuwa nyuma ya pazia. Niliona miguu yake. Hakutoka.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo hajapita mtu. Hata mmoja. Mwajabu kaenda kuteka maji kwenye dimbwi la ng'ombe.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika yote.

Saa nne asubuhi ilikuja motokaa. Motokaa hapa Kimbiji, barabara hii! Watu wakatoka, wengine wakakimbilia mikokoni. Ikasimama kwenye uwanja wa Jumbe, mkuu wetu wa kijiji. Akashuka kijana mmoja, kaptula nyeupe, dresa, msaidizi wa daktari wa serikali, jina Gozbert. Ametumwa kupima homa ya malaria vijiji vyote toka Kigamboni. Na neno lake la kwanza mbele ya watu wote: yuko wapi mzee Adelard, yule aliyekuwa hospitali mjini? Huko mjini wamemwambia nitamsaidia.

Jumbe akanionyesha kwa kidole. 

Gozbert akaja mbio, akapiga goti mbele yangu, akanisalimu Kihaya. Kihaya! Miaka minane sijakisikia. Mama yake ni wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Macho yaliniingia vumbi. Nasema kweli, niliwasahau wote waliokuwa pale. Nilisimama wima, goti na yote. Nikamjibu kwa sauti kubwa, tukacheka, akanishika mkono kama baba yake.

Kisha akafungua sanduku. Sindano. Vipande vya kioo. Akasema kwa Kiswahili, kila mtu atatoa tone moja la kidole.

Hakuna aliyesogea.

Na mie, mpumbavu mie, mzee mzima na meno kumi na tisa! Nikasema, mnaogopa nini? Mie naanza, tazameni! Nikatoa kidole. Akachoma. Damu ikakaa kwenye kioo, nyekundu, kila mtu akaiona. Akanipangusa kidole, kioo akakiandika namba, akakitia sandukuni. Nikageuka kuwaambia, mmeona? Hakuna kitu.

Uwanja ulikuwa mtupu. Makubadhi ya watu yamebaki mchangani.

Motokaa imeondoka kabla ya adhuhuri. Gozbert alisema, twende nawe mjini, mzee, hawa watakuumiza. Mwajabu alikuwa shambani. Nikasema, siondoki kwangu. Akauliza, kwako wapi? Nikaonyesha nyumba. Akaniangalia. Akapanda motokaa.

Jumapili, 14 Septemba

Jumbe kaleta ujumbe kwa mtu, yeye mwenyewe hakuja. Kesho niondoke, kabla jua halijakaa kichwani. Mie peke yangu. Mwajabu abaki, ni wa kwao. Akinifuata, asirudi, na nyumba ya mama yake na minazi yake atapewa Hija.

Nikamwambia Mwajabu, tutaondoka wote. Akatia unga kwenye sufuria. Kigamboni ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye magoti mawili.

Nikamwambia, basi baki. Anasonga ugali, mwiko unagonga sufuria.

Jumatatu, 15 Septemba

Wapo nje. Toka jua kutoka. Nawahesabu kwenye upenyo wa makuti: ishirini, na zaidi. Hija mbele, panga la kukwea liko kiunoni. Jumbe hayupo, eti anaumwa. Naandika nimekaa juu ya sanduku, maana nikisimama goti linanitupa.

Mwajabu ametoka. Amesimama kwenye kizingiti, hajavuka nje, hajarudi ndani. Kajifunga kanga kiunoni kama anayetaka kutwanga. Nasikia kila neno, masikio yangu mazima.

Hija anamwambia, dada, sogea huku.

Mwajabu anasema, nyie mna akili? Huyu mzee ana mdomo tu! Anajisifu hata kwa kuku! Miaka kumi na sita nalala kando yake. Nitazameni basi. Nimekonda? Nimepauka? Damu yangu yote ninayo!

Mtu akacheka huko nyuma. Kicheko cha kweli. Nikasema moyoni, tumepona.

Kisha Hija. Hakupaza sauti.

"Yote, Mwajabu? Na zile mimba tatu? Zote zilitoka damu. Ilikwenda wapi?"

Kicheko kikakatika.

Ee Mungu. Nani alimwambia? Nimeyasema mengi mie, nimesema ya mabeseni, ya vita, ya simba ambaye sikumwona. Hilo sikulisema. Kwa mtu yeyote, kwenye kahawa yoyote, hata hapa kwenye daftari sikuliandika. Mbili zilitoka mjini. Ya tatu ilitoka hapa, mwaka wa kwanza tulipokuja, alikuwa wa kiume, ameshatimia vidole. Mwajabu hakuweza kusimama. Mtoto nilimwosha mie. Nikamfunga kwa kipande cha kanzu yangu, nikachimba kwa mikono, sikutaka jembe lisikike. Yupo hapa hapa. Ni wa kwangu, yupo kwenye ardhi ya Kimbiji, halafu mie Mtu wa Bara!

Nimeita, Mwajabu, waambie! Waonyeshe mahali!

Hajajibu. Labda hakusikia. Sauti yangu hii, hakusikia?

Hija amesogea hatua moja. Ananyoosha mkono kwake, taratibu, kama unavyomwita mtu aliye juu ya mti asianguke.

Akitokea mtu baadaye kuuliza habari zangu, asiende kwa Remtulla, wala kwa Jumbe, na Gozbert hakujua lolote. Shahidi wa maneno haya ni Mwajabu binti Kondo, mke wangu. Anajua nilichokifanya usiku ule na nilichimba wapi, yeye peke yake. Yupo pale kizingitini, nauona mgongo wake na fundo la kanga. Ameshika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto. Hajageuka kwangu, na mkono wa Hija hajaushika. Bado