Uzi wa Kijani Ndani ya Kola

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kabla sijasema lolote nataka kujua mgongo wako unaendeleaje. Wifi aliandika kwamba baridi ya huko imekurudishia maumivu na kwamba daktari unamkwepa. Nenda ukamwone. Na watoto je, bado wanaelewa lugha yetu ukiwagombeza, au wanasubiri mama yao awatafsirie? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, anacheka na majirani, kifua hakijamsumbua tena. Mimi ndiye nisiyelala vizuri, na sababu yake utaisoma humu.

Barua yako ilifika. Unaniomba nisijiingize katika kesi ya shemeji, mambo tuyamalize nyumbani, kwa kuwa ndoa ya dada ni kubwa kuliko kura moja. Umechelewa, Kaka. Nimeshajiingiza. Nakuandikia ili uyasikie kwangu kabla dada hajakupigia simu akilia.

Hukuwepo, kwa hiyo nianze na siku ya kupiga kura. Safari hii walituletea mashine. Unaweka kidole, inakutambua, picha za wagombea zinatokea kwenye kioo, unamgusa umtakaye, basi. Kituo chetu kilikuwa darasa la shule ya msingi, lenye viti vifupi na ramani ya dunia iliyochanika ukutani, na msimamizi wa kituo alikuwa shemeji yetu mwenyewe, mume wa dada, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama.

Mama alikuja na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, moja kwa moja kutoka zamu. Unajua desturi yao. Zamu ikiisha huzamisha mikono kwenye ndoo ya dawa hadi viwiko, ili wasiwabebee watoto wao magonjwa ya hospitali. Siku hiyo waliizamisha kwa muda mrefu kuliko kawaida. Walisema wanakwenda kwenye jambo la heshima, lazima mikono ing'ae. Iling'aa. Ngozi ya vidole ilikuwa laini na nyeupe kama sabuni iliyolowa, na mashine haikuona kitu.

Nilikuwa nyuma ya Mama kwenye foleni. Aliweka kidole gumba, taa nyekundu. Akafuta kwenye gauni, akaweka tena, nyekundu. Akajaribu vyote kumi, pole pole, kama anayebonyeza embe sokoni. Karani akamtazama shemeji. Sheria ilibandikwa pale pale mlangoni: mashine ikimkataa mtu, msimamizi anayemfahamu anaweza kumthibitisha kwa sahihi yake. Ilitosha sahihi moja. Shemeji hakuinua hata kalamu.

“Mama, vidole vyako vimeshafuliwa,” alisema, na sauti aliipandisha ili mawakala wa vyama wasikie. “Nenda kavitafute ulikovisahau.”

Watu walicheka. Hata mmoja wa wenzake Mama alicheka, yule tunayemwita Kengele, kwa kuwa alidhani ni utani wa mkwe na kwamba sahihi inafuata. Haikufuata. Kengele naye akakataliwa, na aliyemfuata, na wote waliotoka kwenye ile ndoo. Ilipofika zamu yangu mashine ilinipokea mara moja. Sijawahi kuuchukia mwili wangu kama nilivyokichukia kile kidole.

Kwa nini alifanya hivyo? Nimefikiri sana. Kuna wanaosema aliagizwa, kwa sababu wafuaji wote walijulikana wanamtaka nani. Mimi nadhani ni jambo dogo zaidi na baya zaidi. Wakubwa wake wa tume ya uchaguzi walikuwa wamesimama pale na makoti yao, na aliona aibu wajue kwamba huyu mwanamke mwenye gauni lililolowa ni mama mkwe wake.

Unaniandikia kwamba huko nako wanagombania mashine. Redioni nasikia hayo hayo kila mwezi, nchi hii na nchi ile. Aliyeshinda husema mashine haina tumbo, haiwezi kula. Aliyeshindwa husema imelishwa. Uchaguzi ukifuata wakabadilishana nafasi, hubadilishana na maneno bila hata kuyaosha. Wengine wanarudi kwenye karatasi na bado wanapigana juu ya karatasi. Waangalizi waliokuja kwetu walikaa hotelini, wakasoma taarifa kwamba kwa ujumla zoezi lilikwenda vizuri. Neno hilo “kwa ujumla” nimelibeba tumboni kama jiwe. Na kampuni iliyouza mashine ikasema makosa ni asilimia ndogo isiyo na athari. Asilimia hiyo inanipikia chai kila asubuhi. Siamini tena kwamba ugomvi wa dunia hii ni wa mashine dhidi ya karatasi. Kila mahali pana mtu amekaa nyuma ya meza, na ana kalamu.

Sasa kesi. Mgombea aliyeshindwa, ambaye wala sikumpigia kura, alikwenda mahakamani akidai wapigakura halali walifukuzwa. Shemeji akaitwa kujieleza. Angeweza kusema alikosea, ingekwisha. Badala yake alisema chini ya kiapo kwamba wanawake wale walikuwa wageni kwake, na kwamba alishuku wamekuja na vitambulisho vya watu wengine. Siku chache baadaye hospitali ikawaandikia Mama na wenzake wajieleze, la sivyo kazi basi. Mtu anayefua mashuka ya wagonjwa tangu wewe hujaota ndevu anaambiwa ni tapeli, na aliyesema hayo amekula kwake kila Jumapili.

Mama hakutaka vita. “Mwache,” alisema. “Dada yako analala pale.” Akaanza kuficha mikono. Akiongea na mtu anaikunja ndani ya khanga, hata kwa muuza maziwa. Hilo ndilo lililonimaliza, Kaka. Ningesamehe kura.

Nilikaa na hasira yangu kimya, nikiwa napika, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nikitafuta mahali pa kumshika. Nikapapata nilipokuwa nakunja nguo. Unakumbuka Mama hutia kila mtu uzi wake ndani ya kola ili nguo zisichanganyike kwenye kamba? Wangu wa bluu, wako wa njano. Kachungulie lile shati uliloondoka nalo, utauona. Wa shemeji ni wa kijani, kwa sababu mashati yake meupe ni Mama anayeyafua na kuyapiga pasi tangu aoe, maana dada pasi hajawahi kuiweza. Nilijua kwamba mahakamani atakwenda na jeupe. Hana ujasiri wa kukaa mbele ya watu bila kupigiwa pasi.

Nikamsubiri wakili wa mlalamikaji kwenye korido, mwanamke mfupi mwenye mafua, nikamweleza. Alipenga kamasi, akanitazama. “Ni ndugu yako?” Nikasema ni shemeji. “Basi wewe ni hatari,” akasema, akaingia.

Kaka, natamani ungekuwepo. Shemeji alipanda kizimbani akaapa, akarudia kwamba wanawake wale hawafahamu. Wakili akamwuliza, kwa upole kabisa, shati lake hufuliwa na nani.

“Mke wangu,” akasema. Watu wakacheka, hakimu akauliza hilo linahusu nini. Wakili akaomba ageuze kola. Akakataa. Hakimu akamwambia ageuze. Shemeji akabaki anavuta kola yake kama mbuzi anayejivutia kamba, mpaka karani wa mahakama akamsaidia, na uzi ukaonekana. Kisha wakaitwa wafuaji, na Mama akaulizwa kama anaujua. Mama hakujua chochote cha mpango wangu. Aliulizwa kuhusu kazi yake, akajibu kama mtu wa kazi.

“Ni wa mkwe wangu,” alisema. “Nilimchagulia kijani kwa sababu alipokuja kuposa alivaa tai ya kijani. Ilimpendeza.”

Hakimu akamgeukia shemeji, akamwuliza huyu mama ni nani kwako. Akasema, akitazama viatu, “Ni mama wa mke wangu.” Hakimu akamwambia apaze sauti. Akarudia. Nilikuwa benchi la nyuma, na nilikunywa maneno yale kama maji. Nilitaka arudie tena na tena mpaka jioni.

Uamuzi umetoka. Kituo chetu tutapiga kura upya. Hospitali imefuta barua zake, na nyapara wa wafuaji amewaomba radhi huku akitazama pembeni. Shemeji ameondolewa usimamizi na tume imemwita Jumatatu ajieleze kuhusu kiapo chake. Dada haongei nami. Alinitumia ujumbe mmoja tu: umeniulia mume. Nikamjibu kwamba yu hai, na kwamba sasa anajulikana.

Mama naye alininunia siku nzima. “Umemwanika mkwe wangu mbele za watu,” alisema. Lakini tangu siku ile haikunji tena mikono. Amechukua likizo, kila jioni anajipaka mafuta, anavaa soksi mikononi na kukaa hivyo akisikiliza redio, ili vidole vipone kabla ya kura ya marudio. Ukimwona utacheka. Nami nilicheka, halafu nikatoka nje.

Na juzi, Kaka, kikapu kimekuja. Dada hakuja, alimpa jirani akilete. Ndani, mashati meupe ya shemeji, ya kwendea kwenye tume Jumatatu. Hakuna neno, hakuna salamu. Mama mikono imejaa mafuta, hawezi kugusa nyeupe, kwa hiyo nimeyafua mimi. Nimeyafua vizuri. Nimeyapiga pasi mpaka mikono imesimama. Kisha nikachukua mkasi, nikaketi dirishani, nikatoa uzi wa kijani katika kila kola, mmoja mmoja, bila kuchana kitambaa.

Mama aliniona, soksi zake mikononi. Akauliza, sasa tutajuaje yapi ni yake.

Nikamwambia Mama: shemeji aje mwenyewe. Asimame pale mlangoni mchana, majirani wakiwepo, aseme yeye ni nani kwako na wewe ni nani kwake, bila kuambiwa apaze sauti. Siku hiyo nitaushona tena. Mpaka hapo, akayatafute alikoyasahau.

Mama aliongeza sauti ya redio.

Kikapu kiko mlangoni ninapoandika haya, kikimngoja. Nisalimie wifi, na umshukuru kwa kukuangalizia mgongo. Nisalimie mjukuu wa kwanza wa Mama na yule kitinda mimba mwenye kelele, na yule binamu mnayekaa naye jengo moja, mwambie deni lake la kuniandikia linakua. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe joto na kazi isiyokuvunja, na akikasirishwa na mimi akasirike taratibu.

Wako akupendaye, hata ukiikunja barua hii kwa hasira,

Mdogo wako wa uzi wa bluu.