Waandishi Niliowaandikisha Matangani

Masika wangu,

Siwezi kukuuliza kama hujambo, basi nianze na habari zangu. Mimi ni mzima, cherehani ni nzima, na nimefanya jambo la aibu kwa jina lako. Nimelibeba moyoni huku nikishona kola za watu kama mfungwa aliyepewa kazi. Nakueleza wewe kwanza, maana ndiwe niliyekukosea.

Unajua najisifu. Sijawahi kukana. Mtu akija kupimwa sare hapa Bwera, kabla sijafika kiunoni ameshajua kwamba binti yangu mkubwa anafundisha kompyuta sekondari Kasese, na kwamba ana jarida kwenye mtandao linalosomwa mpaka Butembo, nchi jirani. Ulikuwa unaficha uso: "Mama, pima mtu." Nilikuwa napima, lakini mdomo nao unafanya kazi yake. Ningenyamazaje? Mimi niliachia shule darasa la sita, Kiswahili hiki nimekipata kwa marehemu baba yako na amri zake za jeshi, halafu nizae mtu kama wewe nifunge mdomo? Hapana.

Na nilielewa kazi yako, usidhani nilikuwa najisifia nisichokijua. Ulinieleza hapa hapa, umekaa juu ya magunia ya vitambaa. Ulisema programu nyingine ni kama gauni la harusi la kukodi: unavaa, unarudisha, ukitoboa unalipa. Lakini programu huria ni nguo unayoruhusiwa kuifumua, uone ilivyoshonwa, uipunguze mkono, kisha umshonee mwenzako bure. "Shule zetu zinahitaji hiyo, Mama." Mpaka leo sijasikia mtu wa digrii akieleza vizuri hivyo. Ona, nimeanza tena.

Na waandishi wako ulikuwa unawatafuta mmoja mmoja, walimu wa kujitolea. Nilikuambia uwachukue wenye Kiingereza kizuri. Ukacheka. "Mama, sitafuti anayejua kuandika. Natafuta aliyekwama jana." Aandike kilichomshinda na namna alivyokitatua, ili mwalimu mwingine asikwame palepale. Hilo neno nililisikia kwa masikio yangu mawili, na ndilo nililolivunja.

Ulipotuacha, nililia mpaka siku ya kumaliza matanga. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Nikasimama nikasema: sitaki sukari, sitaki unga, michango yenu inatosha. Kila aliyempenda Masika aandike kwenye jarida lake, lisife naye. Mikono ikainuka yote! Katekista, mwenyekiti wa kijiji, shangazi zako, wauza kahawa, hata Mama Kavira wa vitenge, ambaye simu yake mwenyewe huwashiwa na wateja. Nilijiona mkubwa. Nikasema moyoni: Masika alikuwa anabembeleza mmoja mmoja, mimi nimepata uwanja mzima kwa neno moja.

Lakini nilijua, mwanangu. Kwetu mama aliyefiwa hakatazwi kitu. Ningeomba mabati ya nyumba zao, wangeanza kung'oa misumari.

Wakaandika kweli. Wakakuandika wewe. Katekista aliandika ulivyokuwa unajibu katekisimu bila kutazama kitabu. Shangazi yako aliandika kwamba ulitembea mapema kuliko watoto wote wa ukoo, jambo ambalo ni kweli. Mama Kavira alisema, mtu akamwandikia, kwamba hukuwahi kumpunja bei hata siku moja. Mimi niliandika ndefu kuliko wote. Vyote nilimtumia Kule, yule mwalimu mwenzako mliyeanza naye jarida. Kila mara alijibu, "Sawa, Mama." Wiki moja aliweka juu makala ya mtu kuhusu printa inayokataa kuchapa, makala ya sifa zako ikashuka chini. Nikampigia simu. Nilimwambia, "Kule, unamzika Masika mara ya pili?" Akasema, "Nisamehe, Mama." Tangu siku ile hukushuka tena.

Nilifurahi. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Sasa sikiliza. Alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Karusandara kuagiza sare za shule yake, na apimwe ya kwake pia. Hanijui, simjui. Nikamshika mabega, mdomo ukaanza: kuna jarida la mtandaoni la mambo ya kompyuta shuleni, umelisikia? Nilitaka akishasema ndiyo, nimwambie mwenye jarida alitoka tumbo hili.

Akacheka. "Lile? Lilinisaidia sana zamani. Siku hizi ni gazeti la matanga, mama. Nilikuwa nangoja sehemu ya pili ya kuunganisha kompyuta za darasa bila mtandao, mashine zetu zimekaa zimefunikwa shuka tangu muhula uanze. Kila nikifungua, 'Masika alikuwa hivi, Masika alikuwa vile.' Mwanafunzi wangu kaniuliza, 'Madam, hii Masika ni programu ya nini?'"

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshatia pini mdomoni, nikashukuru Mungu kwa zile pini. Nilimpima kiuno mara tatu na bado nikakosea. Sikumwambia mimi ni nani. Fikiri, mimi, mama yako, nimepata mtu anayekutaja kwa jina na nikainama kutafuta chaki.

Nikaenda kwa Mama Kavira anikanushie. Nilitaka aniambie yule mwalimu ana wivu. Hakuacha hata kukunja vitenge vyake, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Butembo. "Mama Masika, banakuogopa. Nani atakatalia mama ya mufu? Miye sijue kompyuta, niko najua bitenge. Nilisema ndiyo juu ulikuwa unalia." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. "Ungelia tena!"

Nilipanda gari kwenda Kasese kwa Kule. Na aibu haikuwa imeisha, ilikuwa inanisubiri huko. Ile sehemu ya pili aliyoingoja yule mwalimu ilikuwepo, uliiandika mwenyewe kabla hujalazwa. Kule hakuwa ameichapisha, maana nafasi ya juu ilikuwa imejaa sifa zako, na aliogopa simu yangu. Walimu waliokuwa wanaandika walikuwa wameacha kimya kimya, kila mmoja na sababu yake ya adabu. Kule alisema hali ikibaki hivi, muhula ukiisha atalifunga jarida. Alisema akiangalia sakafu, kijana wa watu, kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

Nikamwambia aondoe vyote nilivyomtumia. "Vyote, Mama? Hata yako?" Hata yangu. "Na picha?" Hapo nilikwama, sikudanganyi. Ile picha yako ya juu, umevaa gauni la kijani nililokushonea mimi. Nikamwambia ondoa, nikageuka dirishani akiwa anafanya. Aliacha tu maneno madogo chini kabisa, kwamba jarida lilianzishwa na wewe. Nilitaka kumwambia ayakuze kidogo. Nikauma ulimi. Siku hiyohiyo akaweka maandishi yako ya zile kompyuta, na mwanangu, nimeyasoma yote na sijaelewa hata nusu, na humo hujajitaja hata mara moja.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwafungua wale wa matangani kutoka kwenye ahadi yao. Ungewaona! Katekista alinishika mikono yote miwili kama mtu aliyefutiwa adhabu.

Yule mwalimu wa Karusandara aliporudi kuchukua sare, nilimwambia sehemu ya pili imetoka. Kisha nikamuomba aandike, akishafanikiwa au akishindwa. Sikusema mimi ni nani. Akanitazama akasema, "Hapana, mama. Sina nafasi, nina madarasa mengi mno." Wazi hivyo, akihesabu sare zake. Masika, tangu ufe hakuna mtu aliyekuwa amenikatalia kitu. Watu wananisogezea kiti, wananipa nyama ya juu, wananisemesha kama yai. Huyu amenikatalia kama mtu anayemkatalia fundi yeyote. Nilimwongezea vifungo vya akiba. Nadhani sijapumua vizuri hivyo tangu kaburini.

Mwalimu mwingine wa Kahendero, huko ziwani, amesema atajaribu. Hakusema ndiyo. Alikwama juzi, kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa nenda, mtoto wangu, pumzika. Nimekushika sana na mikono yangu ni mizito. Hii ndiyo ahadi yangu, na unajua itanigharimu nini. Nitaendelea kukutafutia waandishi, kila sare nitakayopima. Lakini sitamwambia mtu kwamba mimi ni mama yako kabla hajajibu. Akisema ndiyo au akisema hapana, awe amesema kwa nafsi yake.

Akishajibu, nitamwambia. Hapo usinizuie.

Mama yako