Mama, Damu Iliyorudi Si Ujana

Kambi ya Wakimbizi Nyarugusu, Kasulu

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, na shikamoo. Natumaini goti limepoa na maharage ya bondeni yamestahimili mvua. Mimi mzima, ila nimechoka. Wagonjwa wa wodi ya akina mama hawapungui, na nikirudi chumbani navua viatu na kulala bila kula.

Nakuandikia kwa sababu simu mnayotumia ni ya kaka Yohana, naye huweka sauti ya nje hata akiwa kilabuni. Barua hii isome mwenyewe, ukiwa peke yako.

Jumapili uliniambia ukicheka, "Mwana wanje, mama yako amerudi usichana, nimeanza tena kufua vitambaa. Jirani Anastazia anasema nimebarikiwa." Nilicheka na wewe kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. Tulipokata simu nilikaa kitandani nikalia.

Mama, damu inayorudi miaka mingi baada ya hedhi kukoma si ujana. Hata yakiwa matone tu, hata kama haiumi. Mapema mwaka huu alikuja kwetu mama wa Kikongo, muuza dagaa hapa kambini, naye anacheka hivyo hivyo. "Munganga, miye niko narudia bujana," alituambia sisi wauguzi. Ujana huo alikuwa amekaa nao nyumbani muda mrefu mno. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshasambaa. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha mpaka siku zake za mwisho.

Sisemi na wewe unayo. Sijui, na hakuna anayeweza kujua kwa simu. Huenda uke umekauka tu kwa sababu ya umri, ngozi yake ikawa nyembamba na kuchubuka. Huenda kuna kinyama kimeota kwenye mlango wa kizazi, na hicho hutolewa mtu akarudi kulima. Huenda ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa. Na huenda ni hiyo ninayoiogopa, ambayo ikiwahiwa inatibika. Sisi huko kwetu Kitahana yote haya tunayaita tumbo, tunachemshiwa mizizi ileile ya tumbo, na wengine wanakwisha hivyo tukiwaangalia.

Nilipokupigia tena nikakuomba uje upimwe, ulinijibu kwa sauti ya chini, "Mwana haoni uchi wa nyina. Siwezi." Ukakata. Nilikasirika, Mama, sikufichi. Halafu nikafikiri nikiwa zamu, nikaona una haki. Mimi nimeshawaona wanawake wengi mno mpaka nimesahau kwamba kila mmoja wao anaona aibu.

Basi nimepanga hivi. Hutafika huku kwangu kambini. Utashuka Kasulu mjini, nitakupokea, twende hospitali. Atakayekupima ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, anayeongea Kiha kama sisi. Atakuuliza damu ilianza lini, ni nyingi au kidogo, ina harufu au haina. Mwambie kweli. Ataingiza chombo cha kutanulia ili auone mlango wa kizazi. Kina baridi na kinabana kidogo, lakini hakikati. Pengine atachukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe, na utapigwa ultrasaundi. Mimi sitaingia. Nitakaa nje kwenye benchi na waume za watu.

Na majibu ni yako. Ukitaka kuniambia, utaniambia. Ukinyamaza sitauliza, wala sitamuuliza yule mama ingawa tunafahamiana. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni kujua, hilo ni gumu kuliko kukuona. Lakini nimekubali.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie asiache dawa ya presha. Msalimie kaka Yohana na mkewe, na shangazi Veronika anayekusaidia kuteka maji. Jirani Anastazia naye msalimie, ila mwambie na yeye baraka ya namna hiyo ikimfika, asikae nayo nyumbani.

Panda gari la asubuhi Alhamisi. Nimeshaomba ruhusa kazini. Uje usije, nitakuwa stendi.

Binti yako,
Eveta