Programu ya Jamaa wa Dar

Alhamisi jioni, Elerai. Baridi ya Julai imekaza, Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, na mimi nimejifunika khanga mbili begani nacheka peke yangu kama chizi.

Imefanya kazi!

Shajara yangu ya mtandaoni, wewe unajua nilikuwa na hali gani mwanzoni mwa mwezi huu. Nilikuwa nimeshapanga begi. Tangu kiwanda cha maziwa kiuzwe kwa watu binafsi, meneja mpya anataka hesabu ya maziwa ya vituo vyote vya kukusanyia ionekane kwenye kompyuta ya ofisini kwake Kimandolu kila asubuhi, na kazi hiyo alinipa mimi. Ni kazi yangu ya kwanza tangu niache ajira Dar na kurudi nyumbani. Nikaandika mfumo unaofunguka kwenye browser, nikauweka kwenye kompyuta ya kituo cha Akheri kwa majaribio, na ukakaa pale kama pambo. Makarani waliendelea na karatasi zao.

Meneja hakunificha kitu. Alhamisi angekuja Akheri mwenyewe. Makarani wakishindwa kupokea maziwa ya asubuhi kwa mfumo wangu, anachukua ule wa tayari wa kampuni moja ya Nairobi. Na mimi ningerudi Dar kuomba kiti changu cha zamani, kwa wale wale niliowaaga kwa mbwembwe.

Kilichonitesa ni kwamba kila nilipokwenda Akheri sikusikia kosa hata moja. Karani mkuu wa kituo ni Mama Ndeshi, umri wa mama yangu mzazi, miwani mikubwa, sauti ya kwaya. Nafungua ukurasa, namuuliza, "Mama, unauonaje?" Naye, "Mzuri sana mwanangu. Hongera. Mungu akuzidishie." Kisha ananiletea chai ya maziwa na ndizi za kuchoma. Nikishaondoka tu, anazima kompyuta na kuifunika kitambaa cha kufuma.

Lakini ulitaka aseme nini? Binti wa watu amekuja na kazi ya mikono yake, amekuamkia shikamoo, amekunywa chai yako, hata amekudokeza kwamba hili likiharibika anarudi Dar. Nani hapa kwetu atamtazama usoni amwambie kazi yake mbovu? Hata mimi nisingeweza. Shangazi alinishonea gauni la Idi linalonibana kwapani, na nililivaa siku nzima nikitabasamu.

Sijui wazo lilitoka wapi. Siku moja nilifika nikavuta stuli, nikakaa pembeni yake, nikadanganya bila kupepesa macho. Nikamwambia, "Mama Ndeshi, hii programu si yangu. Iliandikwa na jamaa mmoja wa Dar. Mimi nimepewa tu niikague. Nisaidie, kaharibu wapi?"

Jamani!

Mama aliweka kikombe chini. "Wa Dar?" akasema. "Ndiyo maana."

Kisha akafunguka. Huyo kijana hajawahi kumwona ng'ombe, alianza. Herufi zake ndogo kama sisimizi. Anataka uandike jina zima la mfugaji, na foleni nzima ni majina yaleyale, kina Kaaya na kina Pallangyo, wakati kila mtu hapa anajulikana kwa namba iliyopakwa rangi kwenye ndoo yake. Kipanya nacho, mkono umelowa maziwa, kinateleza tu. Na kile kidude kinachotokea kila ukihifadhi kikauliza, "Je, una uhakika?" "Kwani mimi mtoto? Nimepima mwenyewe, nimeandika mwenyewe, bado ananiuliza!" Halafu mtandao ukikatika anagoma kabisa, na watu wamesimama hapo nje na baridi hii. Aisee, yule jamaa wa Dar alisemwa siku hiyo mpaka nikamwonea huruma.

Moyo uliniuma, nisijidanganye. Kile kidude cha "una uhakika" nilikuwa nakionea fahari. Nikawa naandika kila neno huku nikiitikia, "Kweli mama, kazembea sana huyu."

Kwa hiyo mimi Zuhura naandika hapa nisisahau, na wenzangu mnaoandika programu na kupita hapa kusoma, chukueni: usimwulize mtu wa kwetu kama kazi yako ni nzuri. Atakuambia ni nzuri. Mpe kazi aifanye, wewe kaa nyuma ufunge mdomo uangalie mkono wake unasita wapi. Au mtafutie jamaa wa kumsema.

Nikarudi nyumbani nikaanza kubomoa. Sasa namba ya ndoo ndiyo inayoandikwa kwanza, na jina la mfugaji linatokea lenyewe. Enter inakupeleka kisanduku hadi kisanduku mpaka kuhifadhi, kipanya kipumzike. "Una uhakika" nikaitupa, nikaweka kitufe cha Rudisha kwa aliyekosea. Herufi nikazinenepesha.

Mtandao ndio ulinitoa jasho. Mwisho nikaweka seva ndogo na hifadhidata ndani ya kompyuta ileile ya kituo. Ukurasa unaongea na hiyo kwanza, na laini ikirudi ndipo yaliyobaki yanatumwa Kimandolu. Kila ingizo la maziwa linapewa namba yake ya pekee palepale kituoni, kwa sababu laini ikikatika katikati huwezi kujua kama ujumbe umefika, na lazima utatuma tena. Bila namba hiyo maziwa ya mtu yanahesabiwa mara mbili. Nilikuwa nachomoa waya wa modemu kwa makusudi, tena na tena, kama mtu mwenye ugomvi nao. Bora niuchomoe mimi kuliko ukatike mbele ya meneja.

Na kweli, leo ulikatika mbele ya meneja.

Alifika mapema, koti refu, mikono nyuma. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, foleni ya ndoo imeshapinda kona. Mama Ndeshi alifuta mikono kwenye aproni, akaketi, akaanza. Namba, lita, Enter. Namba, lita, Enter. Mimi nilisimama ukutani nasoma dua zote ninazozijua. Watu walisogea mmoja mmoja, maziwa yao yakamiminwa kwenye pipa, wakaenda zao. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ilikuwa raha ya ajabu kutokuulizwa kitu.

Ghafla mstari mwekundu ukatokea juu ya ukurasa. Meneja akaguna. "Si mnaona? Imekufa."

Mama Ndeshi hakugeuza hata shingo. "Haijafa, Meneja. Soma hapo juu."

Akainama akasoma kwa sauti: "Mtandao umekatika. Endelea kupokea, tutatuma baadaye."

"Basi tunaendelea," Mama akamwambia. "Na naomba usogee kidogo baba, unamzibia mwenye ndoo."

Meneja akasogea! Wallahi, nilijiuma midomo nisicheke.

Foleni ikaisha kabla laini haijarudi. Iliporudi, Meneja alipiga simu ofisini kwake Kimandolu, akamwambia karani wake asome jumla ya Akheri ya leo. Akaisikiliza, akatazama skrini ya Mama Ndeshi, akatazama tena. Ilikuwa ileile. Akakata simu, akaniambia neno ambalo nimelirudia barabara nzima kuanzia Akheri mpaka hapa kwangu.

"Vituo vyote."

Nilitaka kuruka. Nikasema tu, "Sawa bosi," kwa sauti ya mtu mzima, nikasubiri gari lake lipotee, ndipo nikamkumbatia Mama Ndeshi mpaka miwani yake ikakaa upande. Alhamdulillah, alhamdulillah!

Akaniletea chai. Wakati naaga akaniambia, "Msalimie yule jamaa wa Dar. Mwambie sasa amepata akili."

Nikacheka, nikasema nitamfikishia. Yeye hakucheka. Alininyooshea kidole kwenye skrini, chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo sikukumbuka kunenepesha herufi. Paliandikwa: Mfumo huu umeandikwa na Zuhura. Kila ukurasa. Tangu siku ya kwanza.

Nilihisi uso unawaka. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Si ninayo miwani, mwanangu." Akaivua, akaifuta taratibu kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa na mengi ya kukuambia, sikuwa na njia. Uliponiletea yule jamaa nikamshukuru Mungu." Kisha akanishika mkono akaukaza. "Sasa umwambie asirudi huko Dar. Abaki hapahapa. Tunamhitaji."

Nililia, nikubali tu. Nililia mbele ya mapipa ya maziwa, na Mama Ndeshi akajifanya anatafuta kifuniko.

Nimefika nyumbani nikalivuta begi kutoka chini ya kitanda. Nguo zote zimerudi kabatini isipokuwa lile gauni la Idi. Hilo kesho nalipeleka kwa Shangazi. Nitamwambia kuna fundi mmoja wa Moshi kaniharibia gauni kwapani, anisaidie.