Kilichokuwa Chini ya Mpini

Alhamisi. Mvua ya Elburgon haijakatika tangu alfajiri, na mikono yangu inanuka mafuta ya taa. Nimeinawa kwa sabuni mara tatu. Bado naiona chafu.

Jumamosi wakwe wanakuja kumposa Chebet wetu, na baba yake anataka nyama ikatwe kwa kisu chake cha jeshi, kile alichorudi nacho kutoka Burma. Siku zote ameniambia kwamba huko vitani alikuwa mpishi. Basi nami nikakifanya kisu cha jikoni. Miaka yote hii nimemenyea viazi, nimekatia watoto mkate.

Asubuhi nikaanza kukisafisha. Kutu niliisugua kwa jivu na mafuta ya taa, ikatoka. Kosa lilikuwa langu, kukihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na chuma huliwa polepole. Mpini nao ulinuka na mbao zake zilikuwa zimelegea, nikaona heri nizifungue nipake mafuta ya kondoo mpaka ndani.

Bora ningeuacha unuke.

Chini ya mbao palikuwa na ukoko mweusi, kama wa damu iliyokauka. Nikaukwangua kwa msumari. Ndani yake mlikuwa na nywele mbili, nyeusi, zimenyooka. Si za kondoo, wala si za mtu wa huku kwetu.

Nilikiweka chini, nikaenda kunawa mikono.

Baba Chebet aliporudi mchana kutoka kiwanda cha mbao, nikamwonyesha.

"Si ulisema ulikuwa mpishi?"

"Nilikuwa mpishi, Mama Chebet. Sikusema nilikuwa mpishi tu. Hebu funga hiyo mbao, wageni wasione."

Akala ugali wote, akaomba nyongeza. Kumtazama akitafuna kulinitia kinyaa.

Kwa vita simlaumu, vita havina macho. Kinachonichefua ni kwamba alijua, na kila siku alinitazama nikikatia wanawe mkate, akanyamaza.

Kisu sasa kinang'aa. Nimekipaka mafuta, nimekifunga kwa kitambaa kikavu. Jumamosi hakitagusa nyama. Nitaazima cha jirani, na Baba Chebet akiniuliza sababu mbele ya wakwe, nitaisema.

Hilo la kisu limekwisha. Lakini nilipokuwa nikikaza skrubu ya mwisho, Chebet alikuja akachuchumaa karibu nami, akauliza kwa aibu: "Mama, ulijuaje kwamba baba ni mtu mwema?"

Nimemtuma chumvi dukani. Akirudi nitamwambia nini?