Madoa Pembeni mwa Picha

Jumatatu, 14 Julai 1952

Samuye. Asubuhi nimechora tena mawe. Yametoka kama mikate iliyoungua. Siku ya nne ya likizo, picha sita ndogo za rangi za maji, zote zaenea mfukoni, na huko mfukoni ndiko zingefaa kubaki. Baba Kulwa, mwenyeji wangu, mkarimu: ugali wa mtama, maziwa ya mgando, kibanda changu peke yangu. Jioni nikachora ng'ombe wake wakitokea nyuma ya mawe. Picha nzuri. Nimeshangaa mwenyewe.

Jumanne, 15 Julai

Salamu zimepoa. Nasema "Mwangaluka," najibiwa kwa kikohozi. Mama Kulwa kaweka maziwa, kaondoka, hata umbea hakuniachia. Sanduku la rangi limefunguliwa. Brashi huilaza kushoto. Leo iko kulia. Hakuna kilichopotea. Afadhali wangeiba, ningeelewa.

Alhamisi, 17 Julai

Picha ya ng'ombe haipo. Nyingine zote zipo. Basi mwizi anajua kuchagua, nikajifariji. Baadaye sikucheka. Kila niendapo kuchora, anatokea mtu kuchunga mbuzi karibu yangu. Mbuzi mmoja! Namshuku kila mtu, hata huyo mbuzi.

Ijumaa, 18 Julai

Baba Kulwa kaja na picha mkononi. Hakuificha. Akaweka kidole pembeni, pale ninapojaribia rangi: madoa ya kahawia, meusi, meupe.

"Mwalimu, hapa umehesabu nini?"

"Najaribu rangi tu, Baba Kulwa."

"Kumi na tisa. Rangi gani hiyo inajaribiwa mara kumi na tisa?"

Ya mchoraji mbovu, nikamwambia. Hakucheka.

Hapa ng'ombe hahesabiwi; ni kumwitia kifo. Tena kuna amri ya kupunguza mifugo: ukijulikana unao wengi, wengine wanaswagwa mnadani utake usitake. Kundi lake la pili analificha nyuma ya mawe, kwenye ngitili, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi. Nami nimelichora likitoka, kila ng'ombe na baka lake. Hata bila madoa, picha inasema yote. Nimeona aibu. Kaniachia picha. Kwa kuniamini au kunipima, sijui.

Jumamosi, 19 Julai

Karani wa mifugo kaja kwa baiskeli. Kasikia kuna mwalimu anachora ng'ombe.

"Hebu nione hao ng'ombe."

Baba Kulwa kasimama mlangoni, anatazama mikono yangu. Nikampa karani picha za mawe. Akataka ng'ombe. Nikasema mbingu ya picha ile haijakaa sawa, nikaitumbukiza kwenye bakuli la maji mbele yake, nikasugua. Kundi zima likawa uji wa mtama.

"Lo! Mwalimu, wewe kuchora hujui!"

Nikakubali. Uongo haukuwa mkubwa. Akapanda baiskeli yake, akaenda.

Iliniuma. Sina nyingine kama ile.

Jumapili, 20 Julai

Upepo. Nimechora ngitili: nyasi za njano, mawe, basi. Baba Kulwa kakaa nyuma yangu muda mrefu.

"Na ng'ombe, mwalimu?"

"Ng'ombe gani?"

Kacheka kidogo, puani. Kisha kainama kuchungulia pembeni mwa karatasi. Hajamaliza kunishuku, naona. Lakini kigoda ninachokalia kakileta mwenyewe.